Umepata Rivolva ya Guka? Soma Hii Kabla Uitafutie Spea

Tuseme mnahamisha vitu za guka hapa Karagita, na chini ya sanduku la mabati mnapata rivolva imeshika kutu. Nyundo imelegea, silinda inacheza. Akili inakwambia yule fundi wa kuchomelea geti pale steji ataifufua na soo tano. Zii, tulia kwanza.

Chuma ya mkoloni kama hiyo, ikiwa inakunjika katikati ndio uweke risasi, kuna uwezekano mkubwa ni Webley ama Enfield. Hizi mitaa za Naivasha zilikuwa za masetla, na usiku wa 26 Machi 1953 Mau Mau walivamia stesheni ya polisi ya Naivasha, wakafungulia wafungwa na kubeba bunduki. Kwa hivyo kupata kitu kama hiyo kwa boma ya mzee si maajabu.

Shida ya spea inaanzia Uingereza. Webley walisaidia jeshi kuunda rivolva mpya ya .38, halafu serikali ikachukua ile ramani na kutoa yake kwa kiwanda cha Enfield. Ikaingia jeshini 1932 kama Enfield No. 2. Webley wakalalamika hadi wakalipwa pauni 1,250. Sasa maze, ukiweka hiyo Enfield kando ya Webley Mk IV utasema ni mapacha, lakini ndani haziazimani vitu. Soma mwandiko kwa ubavu kabla uamini mtu. Ukiona herufi SSM kwa kipande cha Enfield usishtuke: wakati wa Vita ya Pili, Singer walitengeneza vipande vyake. Ndio, hao hao wa cherehani ya shosho.

Enfield iliacha kutengenezwa 1957. Spea zenye ziko huko majuu nyingi zimetolewa kwa bastola zilizovunjwavunjwa, na hata ukipata yenyewe, lazima isuguliwe kwa mkono ndio ikae. Silinda isipolingana na mtutu, risasi inagonga ukingo na vipande vinakurudia usoni.

Halafu kuna Webley Mk VI, ile kubwa ya 1915 ya risasi ya .455. Marekani watu walikuwa wanakwangua silinda zake ndio zikule .45 ya kawaida, yenye presha kali kuliko ile chuma iliundiwa. Kuna zenye zimepasuka mkononi.

Lakini hata fundi akiwa mkali aje, sheria ya bunduki ya Kenya, Sura ya 114, inahesabu kipande cha bunduki kama bunduki. Kuagiza silinda mtandaoni ni kuagiza silaha. Kazi ya kurekebisha ni ya muuza bunduki aliyesajiliwa pekee, na atakuitisha cheti kabla aguse. Cheti cha guka kilikuwa cha guka. Hakirithiwi kama shamba. Yule jamaa wa kuchomelea akiishika tu, wote wawili mko ndani, na Naivasha Maksimamu si mbali na hapa.

So fanya hivi. Iache pale pale. Usiifungue kuangalia kama iko na risasi, usivute kifyatulio, usipige picha ya TikTok. Toa watoto kwa hiyo nyumba. Usiibebe kwa bodaboda ukijifanya unaipeleka stesheni, juu ukisimamishwa njiani wewe ndio umeshikwa na silaha. Ita chifu ama piga 999 waje wenyewe. Kama kuna karatasi za guka, zitafute, juu namba ya bunduki itakuwa hapo. Ukitaka kuimiliki kihalali, hiyo story ni ya bodi ya leseni za bunduki na inaanza na cheti chako. Spea zinakuja nyuma.

Na polisi wakija kuibeba, itisha namba ya OB. Iandike mahali haipotei, kando ya namba ya bunduki.