Vijiti 110

Mwishoni mwa miaka ya 1890, kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool ilikuwa na karani kijana iliyemtuma Ubelgiji mara kwa mara kwa sababu alijua Kifaransa. Edmund Dene Morel alizaliwa Paris mwaka 1873, baba Mfaransa, mama Mwingereza. Mshahara haukutosha, hivyo jioni aliandika makala za biashara magazetini. Hakuwa mwanaharakati wa jambo lolote.

Kampuni yake ndiyo iliyobeba mizigo kati ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo wakati huo ilikuwa mali binafsi ya Mfalme Leopold II. Meli zilifika bandarini zimesheheni mpira na pembe za ndovu. Hilo lilikuwa la kawaida, na karani mwingine angegonga muhuri akaenda kula. Morel alitazama upande wa pili wa hesabu: meli zilezile zikirudi Kongo, hubeba nini?

Kama mpira ule ulinunuliwa, malipo yake yalipaswa kuonekana mahali fulani. Vitambaa, chumvi, visu, shanga, chochote. Alichokiona ni bunduki, risasi na maofisa. Kwa makadirio yake, kama asilimia 80 ya vitu vilivyopelekwa Kongo havikuwa na uhusiano wowote na biashara. Tena thamani ya mali iliyotangazwa hadharani ilikuwa pungufu kuliko ile iliyosomeka kwenye hati za kampuni, maana yake kulikuwa na mtu anatia tofauti hiyo mfukoni.

Watu hawakusanyi mali msituni wakaitoa bure, labda walazimishwe. Mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kongo aligundua utumwa kwa kusoma safu iliyokuwa karibu tupu.

Alimpelekea mkuu wake, Alfred Jones. Warsha za siku hizi zinazowafundisha wachambuzi kusimulia data husisitiza kwamba ukiifanya habari yako iwe rahisi na ukamjua msikilizaji wako, utaeleweka. Morel alieleweka vizuri kabisa. Jones alikuwa pia balozi mdogo wa Kongo hapo Liverpool, na mkataba wa kusafirisha mizigo ya Leopold ulikuwa na faida nono. Karani akaahidiwa cheo kikubwa zaidi, nje ya nchi. Akakataa. Mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 28, aliacha kazi.

Mwaka 1903 alianzisha gazeti lake, West African Mail, akalijaza takwimu. Wafanyabiashara wa Liverpool walizisoma kwa hasira yao wenyewe, kwa kuwa Leopold alikuwa ameahidi biashara huru katika Kongo na badala yake akafunga milango. Mwezi Mei mwaka huohuo Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo, na balozi mdogo Roger Casement akaagizwa apande mto akajionee.

Aliyoyaona Casement hayakuwa kwenye hati za shehena. Jeshi la Leopold, Force Publique, lilikuwa na uhasibu wake. Askari aliyepewa risasi alitakiwa kuthibitisha kwamba hakuipoteza kwa kuwinda, na uthibitisho ulikuwa mkono wa kulia wa aliyeuawa. Aliyekwisha kuitumia kwa nyama aliweza kumkata mkono mtu aliye hai ili hesabu ikae sawa. Kila nikisoma habari hizi ninakwama hapo. Mkono wa binadamu uligeuzwa stakabadhi, na ofisini mtu alikaa akahesabu stakabadhi hizo.

Casement aliandika maneno ya watu kama walivyoyasema, pamoja na majina yao na vijiji vyao. Ripoti ilipochapishwa mwezi Februari 1904, Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeyafuta. Mtu aliyesimulia mauaji ya ndugu zake akabaki herufi mbili tu, na kijiji chake herufi nyingine. Casement alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Ushahidi wa mtu asiye na jina ulikuwa rahisi kukanwa, na watu wa Leopold waliukana.

Mwezi Machi Morel na wenzake waliunda Congo Reform Association. Mwezi Mei, huko Baringa, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye misheni na furushi la majani. Ndani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake, Boali, mwenye umri wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya ABIR. Mmishonari Alice Seeley Harris alimwomba akae barazani akampiga picha. Nsala ametazama kile kilichobaki, hatutazami sisi. Picha hiyo na nyingine zilioneshwa kwa taa ya slaidi katika mamia ya mikutano, kumbi zikajaa. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la Ubelgiji.

Ningependa kumwacha Morel hapo, lakini kuna mwaka 1920. Ufaransa ilikuwa imepeleka wanajeshi Waafrika kwenye eneo la mto Rhine, Ujerumani, na Morel akaandika dhidi yao makala na kijitabu kilichowachora kama wanyama wanaowinda wanawake wa Kizungu. Kipaji kilikuwa kilekile cha kumfanya msomaji atetemeke. Hesabu makini ya Antwerp haikuwepo. Claude McKay, mwandishi kutoka Jamaika aliyekuwa London wakati huo, alimjibu kwa ukali katika gazeti la Workers' Dreadnought.

Kwa hiyo, katika mkasa huu wote, msimuliaji ninayemrudia si Morel. Kelele zilipozidi, Leopold aliunda tume ya wanasheria watatu, akitumaini itamsafisha. Tume ilifika Kongo mwishoni mwa mwaka 1904, ikasikiliza mamia ya mashahidi. Mmoja wao alikuwa Lontulu, chifu wa Bolima, ambaye alikuwa amechapwa viboko, akashikwa mateka, akafanyishwa kazi akiwa kwenye minyororo.

Lontulu aliweka mezani vijiti 110. Kila kijiti kilikuwa mtu wake mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Akavigawa mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akashika kijiti kimoja baada ya kingine, akitaja jina la kila marehemu.

Tume ilithibitisha mabaya mengi, na ripoti yake ikachapishwa mwaka 1905. Maneno ya mashahidi hayakuchapishwa. Yalifungiwa kwenye nyaraka za serikali huko Ubelgiji, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma hadi miaka ya 1980.