Vuta N'Kuvute (filamu)

Vuta N'Kuvute ni filamu ya Tanzania ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji na inayotokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, ambayo inasimulia maisha ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati utawala wa Waingereza ulipowagawa wakazi kwa asili zao. Yasmin (Ikhlas Gafur Vora), msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee asiyempenda, anaikimbia ndoa hiyo, na baada ya jamaa zake kumkataa anapata hifadhi kwa Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo, yaani mitaa ya watu wa kipato cha chini iliyokuwa imetenganishwa na Mji Mkongwe kwa mkono wa bahari. Mapenzi ya Yasmin na Denge, mpigania uhuru, ndiyo yanayotajwa zaidi, lakini urafiki wa wanawake hawa wawili ndio nguzo halisi ya hadithi, kwa kuwa bila mlango wa Mwajuma Yasmin asingekuwa na pa kwenda. Mwajuma anaigizwa na Siti Amina, mwimbaji mwenye mizizi katika taarabu. Filamu ilioneshwa kwanza katika tamasha la filamu la Toronto.