Kibarua cha kupiga jazi kwa gitaa la chuma

GITAA la chuma linajulikana zaidi kwa sauti yake ya kuteleza na kuomboleza katika muziki wa kantri wa Marekani. Mashabiki wa kantri nchini Kenya huitambua sauti hiyo mara moja, hata kama hawajawahi kuiona ala yenyewe. Lisilofahamika na wengi ni kwamba ala hiyo hiyo imetumiwa kupiga jazi, tena vibao vinavyowatoa jasho hata wapigaji wa saksofoni na piano.

Chimbuko la ala hii ni Hawaii, ambako Joseph Kekuku anatambuliwa kuwa ndiye aliyeanzisha upigaji huu mwishoni mwa karne ya 19. Badala ya kubonyeza nyuzi kwa vidole, mpigaji huteleza juu yake kwa mche wa chuma.

Mche huo ndio uzuri wa ala, na ndio pingu yake pia. Mpigaji wa gitaa la kawaida huweka kila kidole mahali tofauti. Mche, kwa kuwa umenyooka, hugusa nyuzi zote katika alama moja. Ukisogezwa, noti zote hupanda au kushuka pamoja. Kwa wimbo wenye miseto mitatu ya noti, hilo si tatizo. Jazi, hata hivyo, huweza kubadilisha mseto kila baada ya mapigo mawili.

Suluhisho lilikuja kwa miguu. Gitaa la pedali huwekwa juu ya miguu yake kama meza, mpigaji akiwa ameketi nyuma yake. Kila pedali, na kila wenzo unaosukumwa kwa goti, hupandisha au kushusha nyuzi maalumu bila mche kusogea. Mnamo 1954, kibao “Slowly” cha Webb Pierce, ambamo Bud Isaacs alipiga gitaa la aina hiyo, kilivuma na kuwafanya wapigaji wengi waige.

Magitaa mengi ya pedali yana shingo mbili zenye nyuzi 10 kila moja. Shingo iliyopangwa kwa E9 hutumika zaidi katika kantri, nayo ya C6 ni ya jazi. Karibu nyuzi zote za C6 hutoa noti za C, E, G na A. Noti hizo nne ni mseto wa C6, na vilevile ni mseto wa Am7. Besi ndiyo huamua sikio lisikie upi.

Chukua mfano wa hatua inayorudiwa mno katika jazi: Dm7, kisha G9, kisha C. Mche ukiwekwa kwenye alama ya 5, nyuzi hutoa Dm7. Pedali ya tano ikikanyagwa, C hushuka nusu toni kuwa B, na papo hapo mseto huwa G9, mkono wa kushoto ukiwa umetulia tuli. Kisha mche huenda kwenye alama ya 12, na safari inakamilika kwa C.

Ujanja huo ndio ufunguo wa “Cherokee,” wimbo wa Ray Noble wa 1938, ambao miseto yake ilimpa Charlie Parker msingi wa “Ko-Ko” mnamo 1945. Sehemu yake ya kati huogopwa kwa sababu hupitia B, A na G kwa kasi. Kwa C6, mpigaji huanza alama ya 16, hukanyaga pedali ya tano, kisha hushuka hadi 11. Hurudia vivyo hivyo kutoka 14 hadi 9, na kutoka 12 hadi 7. Kinachoonekana kama msitu kumbe kina njia.

Hata hivyo, kujua njia si kufika. Shingo haina vizuizi vya kurekebisha sauti, hivyo mche ukikosea kidogo tu noti huharibika. Isitoshe, mkono wa kulia lazima unyamazishe kila uzi uliokwisha kupigwa, la sivyo noti za haraka huchanganyika na kuwa kelele. Kibao kama “Giant Steps,” alichorekodi John Coltrane mnamo 1959, ni kigumu zaidi, kwani misingi yake mitatu huruka mbalimbali bila kumpa mpigaji nafasi ya kupumua.

Aliyeonyesha kwamba jambo hili linawezekana ni Buddy Emmons, mzaliwa wa Indiana aliyeishi kati ya 1937 na 2015. Mnamo 1963 alirekodi albamu “Steel Guitar Jazz” jijini New York pamoja na wanajazi halisi, akiwemo Jerome Richardson kwenye saksofoni. Humo alipiga “Oleo” cha Sonny Rollins, kibao kisichomhurumia mpigaji wa ala yoyote.

Emmons hakuiacha kantri, na waliomfuata katika jazi wamebaki wachache. Lakini tangu albamu hiyo, hakuna awezaye kudai kwamba ala yenyewe ndiyo iliyoshindwa. Yanayohitajika ni mikono, miguu, magoti na sikio vinavyosikilizana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.