Mwokozi Asiyekuwa Mtakatifu

Katika mwaka wa 1993 ilitokea picha ya sinema iitwayo Schindler's List, iliyoongozwa na Steven Spielberg. Yasimulia habari za Oskar Schindler, Mjerumani aliyewaokoa Wayahudi wapatao 1,200 katika Vita Kuu ya Pili. Ni picha nzuri mno, ila imemsafisha mtu wake kupita kiasi.

Schindler alizaliwa mwaka 1908 huko Moravia. Kabla ya vita aliwafanyia Wajerumani upelelezi katika Chekoslovakia, na mwaka 1939 akaingia katika chama cha Nazi. Poland ilipotekwa aliwafuata washindi kama fisi afuatavyo simba. Alijitwalia kiwanda cha vyombo vya enameli mjini Kraków, kilichokuwa mali ya Wayahudi, akawatumikisha Wayahudi kwa kuwa kazi yao ilikuwa rahisi kuliko ya Wapoland. Alikuwa mlevi na mpenda wanawake, wala mkewe, Emilie, hakufichwa jambo hilo.

Mwezi wa Machi 1943 askari wa SS waliuvunja mtaa ambamo Wayahudi wa Kraków walifungiwa, wakaua watu njiani. Walionusurika walipelekwa katika kambi ya Plaszow, chini ya Amon Göth, mtu aliyeua kwa kujifurahisha. Schindler alikula na kunywa naye, akamhonga pombe na vitu vya anasa, ili wafanyakazi wake wasiguswe. Msomaji na aangalie vema hapa. Hongo ile ile iliyomtajirisha ndiyo iliyookoa roho za watu. Mtu mwadilifu asiyejua kusema uwongo angalifanya nini mezani pa Göth?

Mwaka 1944 aliwahamishia watu wake Brünnlitz, katika kiwanda kilichotakiwa kutengeneza risasi, nacho hakikutoa karibu kitu chochote cha kufaa. Katika sinema twamwona usiku akiyataja majina mmoja mmoja, na karani wake akiyapiga chapa. Lakini orodha ile ilipita katika mikono mingi, na baadhi ya waliookoka walishuhudia kwamba karani mmoja wa kambi alipokea vito ili kuandika jina. Basi asiyekuwa na kito?

Hata Emilie picha haikumtendea haki. Mwezi wa Januari 1945, wakati wa baridi kali, mabehewa yaliyojaa wafungwa kutoka Goleszów yalifika Brünnlitz, milango imegandishwa na barafu. Wengine walikwisha kufa. Waliobaki walikuwa mifupa mitupu. Emilie aliwauguza na kuwalisha polepole kwa mkono wake. Hayo hayamo katika sinema.

Vita vilipokwisha, Schindler hakugeuka kuwa mtu mwingine. Mwaka 1949 alikwenda na mkewe Argentina kufuga, mali ikapotea. Akamwacha huko, akarudi Ujerumani, akafilisika tena, akaishi kwa msaada wa wale aliowaokoa. Alikufa mwaka 1974, wakamzika Jerusalem. Emilie alisalia Argentina miaka mingi, peke yake.