Sevleti za Java: Jinsi zinavyofanya kazi na kusanidiwa

MTU anapojaza fomu katika tovuti na kuituma, ombi lake husafiri hadi kwenye seva, ambako sharti kuwe na programu ya kulipokea na kulijibu. Katika lugha ya Java, kazi hiyo hufanywa na sevleti.

Toleo la kwanza la kanuni za sevleti lilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mnamo 1997, miaka miwili baada ya Java kuzinduliwa. Kabla ya hapo, tovuti nyingi zilitegemea utaratibu wa CGI, ambao kwa kawaida huanzisha programu upya kwa kila ombi. Wageni walipoongezeka, seva ililemewa. Sevleti huanzishwa mara moja tu, kisha hukaa katika kumbukumbu ya seva na kuhudumia wote.

Sevleti haijiendeshi yenyewe. Husimamiwa na programu nyingine, mathalani Tomcat, ambayo Sun iliikabidhi Apache Software Foundation mnamo 1999. Msimamizi huyo huita init sevleti inapoanzishwa, service kila ombi linapofika, na destroy inapoondolewa. Mwandishi wa programu hurithi klasi ya HttpServlet, kisha huandika doGet kwa maombi ya kusoma habari na doPost kwa maombi yanayoleta data, kama vile fomu.

Usanidi hufanyika katika folda ya WEB-INF, ambayo kivinjari hakiruhusiwi kuifungua moja kwa moja. Ndani yake mna folda ya classes yenye klasi zilizokwisha kutafsiriwa, folda ya lib yenye maktaba za ziada, na faili ya web.xml. Faili hii hueleza jina la sevleti, klasi yake na anwani inayoiita. Anwani isipoandikwa sawasawa, mgeni hupata kosa nambari 404. Tangu toleo la 3.0 la mwaka wa 2009, anwani yaweza pia kutajwa ndani ya klasi yenyewe kwa alama ya @WebServlet.

Mnamo 2020, chini ya Eclipse Foundation, jina la pakiti lilibadilishwa kutoka javax.servlet hadi jakarta.servlet. Kwa hivyo, programu iliyoandikiwa Tomcat 9 haiwezi kufanya kazi katika Tomcat 10 kabla ya kugeuzwa.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi haimo katika usanidi. Kwa kuwa sevleti moja huhudumia watu wengi kwa wakati mmoja, taarifa za mteja zikihifadhiwa katika sehemu ya klasi inayotumiwa na wote, mteja mmoja aweza kuonyeshwa akaunti ya mwingine. Kosa hili halijitokezi mtu mmoja anapoijaribu programu. Huibuka watu wawili wanapotuma maombi kwa pamoja, wala seva haitoi onyo lolote.

Kinga yake ni nyepesi. Taarifa za ombi moja ziwekwe ndani ya doGet au doPost pekee, na zile za mtumiaji anayeendelea kuvinjari zihifadhiwe katika HttpSession. Aidha, kabla ya tovuti kufunguliwa kwa umma, ijaribiwe kwa maombi mengi yanayotumwa kwa wakati mmoja.