Unyanyembe na Nyayo za Misafara

Msafiri atokaye Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 alihesabu safari yake kwa maji, wala si kwa masafa. Richard Burton na John Speke waliiacha pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Sehemu iliyoogopwa kuliko zote ni Mgunda Mkali, nyika kavu iliyoitenga Ugogo na Unyamwezi. Mpagazi aliyekwisha kuivuka, akayaona mashamba ya Tura, alijua ya kuwa amefika kwa watu.

Imezoeleka kusema ya kuwa misafara ndiyo iliyoiharibu nchi ile: nyayo nyingi, vinywa vingi, miti iliyokatwa. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi.

Na itazamwe kambi ya jioni moja. Msafara mkubwa ulikuwa na watu mamia, pengine zaidi ya elfu. Kila mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu na posho. Jua lilipokuchwa ilibidi miti ya miiba ikatwe kuwa boma, kuni ziokotwe, na wote wanywe katika dimbwi moja. Hata hivyo kambi ya jana ilitumiwa na msafara wa kesho, na njia yenyewe haikuwa barabara. Ilikuwa ujia mwembamba, mtu nyuma ya mtu, kirangozi mbele na bendera. Gurudumu halikupita hapo, na punda wengi walikufa njiani. Nyayo peke yake zisingaliweza kuigeuza nchi.

Kilichokuwa kizito zaidi ni chakula. Umati ule haukulima njiani. Ulikula jasho la waliobaki vijijini. Wanyamwezi wenyewe, waliokuwa mabingwa wa kazi hii ya upagazi, walizoea kusafiri wakati wa kiangazi na kurudi kushika jembe mvua zikaribiapo. Biashara ya pembe ilipokua, wanaume wengi walikawia njiani, na mashamba yakaangukia mikono ya wanawake, na ya watumwa walionunuliwa kwa faida ya pembe zile zile. Vitabu vya wasafiri vina kurasa nyingi za pembe na shanga. Za wanawake waliotwanga mtama wa kuwalisha wasafiri hao ni chache mno.

Maadamu mkulima alikuwapo, nchi ilistahimili. Msitu wa miombo ulikatwa kwa ajili ya mashamba, majani yakachomwa, ng'ombe wakalisha, na mbung'o akakosa kichaka cha kukaa. Mambo yalianza kuharibika palipoondolewa mkulima, na mfano ulio wazi ni Rubuga, mashariki ya Tabora. Burton aliikuta nchi ya neema. Henry Stanley alipopita mwaka 1871, dalili za mashamba mapana zilikuwa bado zaonekana, lakini vijiji vilikuwa vimechomwa na wenyewe wamefukuzwa. Miaka ile 14 haikupita kwa amani: Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe aliyetaka kuwatoza ushuru wafanya biashara, aliondolewa na kuwindwa hata akauawa mwaka 1865. Agosti 1871 ikawa zamu ya mji wenyewe. Mirambo alichoma sehemu ya Tabora, na njia ya Ujiji ikafungwa.

Hapa pana ubishi wa wanachuoni. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai ya kuwa watu wa nchi hii walizitawala nyika zao vema mpaka miaka ya 1890, ilipokuja sotoka ikaua ng'ombe, pamoja na ndui, funza na vita vya Wajerumani. Juu ya miaka ya 1890 hapana wa kumpinga. Funza walishuka Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazil, wakavuka bara zima kwa miguu ya wapagazi. Na Januari 1893 Mtemi Isike alijilipua katika boma lake kuliko kutekwa na Wajerumani. Lakini Rubuga yampinga Kjekshus. Pale kichaka kilikwisha kupewa nafasi ya kurudi miaka 20 kabla ya sotoka, na waliokipa nafasi hiyo ni watu wenye bunduki waliogombea njia.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi wa njia kuu ukaisha. Mji wa misafara ukageuka mji wa shule: Shule ya Serikali, aliyoingia Julius Nyerere mwaka 1937, ile ya wasichana, na baadaye vyuo vya ualimu, vya ufugaji nyuki na vinginevyo. Umati mpya nao hula pasipo kulima, na huhitaji maji katika mji usio na mto mkubwa. Ndiyo sababu ya mabwawa ya Kazima na Igombe, na miaka ya karibuni maji yameletwa kutoka Ziwa Viktoria. Kila chuo kipanukapo, mpimaji hutandaza kamba yake juu ya ardhi iliyokwisha kulimwa, kuachwa na kulimwa tena.

Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hii UNESCO, katika orodha ya mahali panapotazamiwa kuwa Urithi wa Dunia, na Kwihara ikiwamo, mahali alipongoja David Livingstone mpaka Agosti 1872 apate wapagazi wapya kutoka pwani. Lakini alama nyingi za njia hazina kibao wala mlinzi. Ni miembe tu. Mwembe si mti wa miombo. Penye mwembe mkongwe katikati ya pori palikuwa na mtu aliyekaa, akala, akatupa kokwa au akaifukia kwa mkono wake, na katika ramani za majengo mapya mti huo huandikwa kuwa kizuizi.