Singida ijifunze nini Bujora na Chamwino

Sikukuu ya Ekaristi, ambayo Wasukuma huiita Bulabo, inapofika kila mwaka, uwanja wa Bujora pale Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, hugawanyika pande mbili: huku Bagika, kule Bagalu. Pande zote hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi huamuliwa na miguu ya watazamaji, kwa maana kikundi kilichozungukwa na watu wengi zaidi ndicho kilichoshinda. Kanuni hiyo haina huruma. Manju asiye na jipya huachwa peke yake katikati ya wimbo, watu wakikimbilia upande wa pili kuona kuna nini. Ndiyo maana historia ya mashindano haya imejaa nyoka, fisi, sanamu za mbao zinazochezeshwa, na majembe yanayorushwa juu na kudakwa bila mpigo kupotea. Vyama hivi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ni vya karne ya 19, na mapokeo huvihusisha na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Kanisa lilikuja baadaye sana. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kukusanya mambo ya Wasukuma pamoja na wazee wao miaka ya 1950, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana makumbusho ya Bujora, yenye jengo lililopewa umbo la kiti cha mtemi. Mgeni akifika leo huonyeshwa majengo. Nadhani majengo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya somo.

Nalisema hili kwa sababu ya Singida. Mtu wa Singida akisafiri kuona wenzake wanavyofanya, ni rahisi arudi na mawazo ya jumba la utamaduni, jukwaa la zege na tamasha la mkoa lenye mgeni rasmi. Historia ya miradi ya sanaa iliyoanzishwa na watu wa chini katika nchi yetu inaonyesha kitu kingine: iliyodumu ni ile ambayo tayari ilikuwa na wenyewe, wenye sababu zao za kukutana, kabla mfadhili hajabisha hodi. Hata beni, ngoma ya magwaride na tarumbeta iliyozaliwa miji ya pwani ya Kenya kuelekea mwisho wa karne ya 19, haikusambazwa na ofisi yoyote. Vyama vya Marini na Arinoti vilifuata askari, makarani na reli hadi mbali bara, kila mji ukianzisha tawi lake, ukichagua viongozi wake na kushindana na jirani kwa sare na nyimbo. Huko ndiko kujifunza kutoka miji mingine kulikofanywa na watu wenyewe kwa nauli zao, na kilichosafiri ulikuwa mpango wa chama pamoja na ushindani wake.

Dar es Salaam inatupa jozi nzuri ya kupima dai hili. Mwaka 1968 Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyekwenda mjini kutafuta maisha, alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya mraba vya hadibodi, kwa rangi za mafuta zilizotumika kupaka baiskeli. Alikuwa akiuza Oysterbay, karibu na duka la Morogoro Stores, walikokwenda kununua mahitaji wageni wa balozi na mashirika. Alifariki kwa risasi ya polisi mwaka 1972, miaka minne tu baada ya kuanza, na kwa hesabu za kawaida mambo yangeishia hapo. Hayakuishia, kwa kuwa aliowafundisha walikuwa jamaa zake na watu wa kwao, waliokaa pamoja, waliogawana kazi na walioendelea kuuza mahali palepale, hadi mwaka 1990 wakasajili chama cha ushirika. Mwaka huohuo aliofariki Tingatinga, Sista Jean Pruitt, Mmarekani wa shirika la Maryknoll, alianzisha Nyumba ya Sanaa. Kazi yake haikuwa ndogo: George Lilanga, mmoja wa wasanii wetu waliojulikana zaidi duniani, alikulia kisanaa mle, na mwaka 1983 kituo kilipata jengo zuri katikati ya mji. Leo kituo hicho hakipo tena pale. Ardhi ya katikati ya jiji ina bei, na sanaa inayokalia ardhi isiyo yake huishi kwa hisani. Wachoraji wa Oysterbay walianza bila jengo, kwa hiyo hakukuwa na jengo ambalo kupotea kwake kungewamaliza.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Clement alikuwa mmisionari na Pruitt alikuwa mtawa, wote wageni. Je, hilo halithibitishi kwamba bila mfadhili kutoka nje hakuna kinachosimama? Sikatai kwamba fedha na ulinzi wa taasisi husaidia, na pengine bila Clement mambo mengi ya Wasukuma yangepotea bila kuandikwa. Lakini tazama nani alitangulia. Bujora iliwakuta Bagika na Bagalu wakiwa na viongozi wao, dawa zao, uhasama wao na msimu wao baada ya mavuno. Vikundi hivyo vilifungamana pia na kazi ya shamba: waliocheza bugobogobo kwa majembe walikuwa watu wa kulima kwa zamu. Kanisa lilitoa uwanja na siku. Lingetoa uwanja na siku bila vikundi, lingepata umati mwaka wa kwanza na nyasi mwaka wa tatu.

Somo lililo karibu zaidi na Singida, hata hivyo, liko Chamwino, mkoani Dodoma. Katika miaka ya 1960 taifa lilikuwa likiwatoa wasanii vijijini na kuwapeleka Dar es Salaam. Hukwe Zawose, Mgogo mpiga ilimba na zeze, alifuata njia hiyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa kilichofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981 na kufia mjini humo mwaka 2003, akiwa amezunguka dunia. Ulikuwa mpango wa heshima, nao ulitupa Zawose. Lakini kijiji kilichotoa fundi hakikurudishiwa hadhira. Tamasha la Muziki wa Cigogo, lililoanza Chamwino mwaka 2009 kwa juhudi za Kedmon Mapana, mwanamuziki na msomi mzaliwa wa hukohuko, liligeuza mwelekeo: wasanii wanabaki kwao, watazamaji ndio wanaosafiri. Wanawake wapigao muheme, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja, wanapiga mbele ya watu wanaojua nani amekosea. Hadhira ya namna hiyo hufundisha kuliko makofi ya hoteli. Muheme si kitu cha ng'ambo kwa Singida, kwa kuwa Manyoni ni nchi ya Wagogo pia. Kabla ya uhuru Singida na Dodoma zilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, na mpaka wa mkoa haukuwahi kukata ngoma vipande viwili.

Singida yenyewe si masikini wa urithi. Tatizo lake ni kwamba urithi huo umezoea kuandikwa na kuhifadhiwa mbali. Mjerumani Erich Obst alipita Mkalama na Isanzu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na alichokiona kikachapishwa Ujerumani. Mjerumani mwingine, Eberhard von Sick, aliandika habari za Wanyaturu, nazo zikachapishwa hukohuko wakati vita ikiendelea. Baada ya uhuru mtafiti Marguerite Jellicoe alikusanya mapokeo ya Wanyaturu akishirikiana na wenyeji, wakiwemo Philip Puja na Jeremiah Sombi, na mwaka 1967 kazi yao juu ya kulisifu jua ilitokea katika jarida la Transition, Kampala. Ni vizuri kwamba majina ya wenyeji yalichapishwa, jambo ambalo watafiti wengi wa zama zile hawakulifanya. Hata hivyo Mnyaturu anayetaka kuisoma leo atahangaika zaidi ya msomaji wa London. Liti, mwanamke anayekumbukwa kwa kuwatumia nyuki dhidi ya Wajerumani, amepewa uwanja wa mpira mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua. Heshima hiyo ni stahiki yake, ingawa jina ukutani halimfundishi kijana wimbo hata mmoja.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wasukuma ni watu wamoja, ilhali Singida ni ya Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo, Wabarbaig na wengine, kwa hiyo mashindano yatageuka ugomvi wa makabila. Hofu hii ina msingi, na anayepanga Wanyaturu dhidi ya Wanyiramba anatafuta balaa. Lakini Bagika na Bagalu si koo wala makabila. Ni pande ambazo mtu hujiunga nazo, na kijiji kimoja huweza kuwa na watu wa zote mbili, kama Simba na Yanga zinavyogawa nyumba moja bila kuivunja. Kinachotakiwa ni pande mbili zinazovuka makabila na watazamaji wenye haki ya kuondoka. Wengine husema Singida haina watalii. Ni kweli, haina Oysterbay, na ndiyo sababu kuiga Tingatinga kungekuwa kazi bure. Bulabo hujazwa na Wasukuma wenyewe, baada ya mavuno, na Singida nayo ina msimu wake baada ya kuvuna mtama na alizeti.

Yapo pia ya kutopelekwa uwanjani. Imaa, mikutano ya siri ya wanawake wa Kinyaturu, ilikuwa na nguvu kwa sababu wanaume hawakuingia. Kuigeuza onyesho la kulipia kiingilio ni kuiua, na wenye kauli juu yake ni wanawake waliokabidhiwa, si kamati ya tamasha. Kwa mengine, safari haiko mbali. Basi la Singida kwenda Mwanza hupita Shelui na kufika siku hiyohiyo, na mtu wa Manyoni hufika Chamwino bila kulala njiani. Wapelekwe mamanju na wapiga ngoma, maofisa utamaduni wakiwasindikiza kama wasikilizaji, wakaulize yasiyoonekana kwa mgeni anayetembezwa: chakula cha wachezaji hutoka mfukoni mwa nani, ngoma hulala nyumbani kwa nani msimu ukiisha, na pande mbili zikigombana, nani huamua.